Wimbo Niliomwekea Meya

Jina lake sitalitaja. Limetajwa vya kutosha, na sehemu kubwa ya kutajwa huko ni kazi ya koo langu. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa mwimbishaji wake. Kokote alikokwenda, akiomba kura, akifungua choo cha soko au akizika mtu wa maana, nilitangulia mimi na filimbi mdomoni, wanawake kumi na wanne nyuma yangu na rafiki yangu mpiga ngoma pembeni. Nikitoa sauti, watu waliacha mizani na vikapu wakaja kusimama. Yeye alijua hivyo, nami nilijua kwamba anajua.

Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana malaika. Mtu hapandi juu ya ukuta bila wa kumshika miguu. Ya huyu niliishika mimi, yote miwili.

Tulikutana kwenye mwethya. Kwetu Ukambani mwethya ni kikundi cha kazi: leo mnachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyekwenda kwa wenzake atalima peke yake. Siku hiyo tulikuwa kwenye mteremko upande wa Katelembo, jua likituchoma migongo. Wakati ule alikuwa ametoka juzi tu katika kazi ya kupakia mchanga, akiwa na lori lake moja, na alitaka udiwani. Wagombea wengine walikuwa wamepita wakatupungia mikono wakiwa barabarani, viatu vyao vinang'aa. Yeye alivua shati, akaomba jembe, akachimba mpaka saa saba. Tena alichimba kama mtu aliyelelewa na kazi hiyo, udongo akiutupa upande wa juu wa mtaro, kama inavyotakiwa, si upande wa chini kama wageni wanavyofanya. Mgala muue na haki yake mpe. Mtu yule alijua jembe.

Nikamwimbia palepale. Haukuwa wimbo wa kufikiria, maneno yalikuja yenyewe: huyu ndiye aliyeshika mpini, wengine walishika kofia zao. Wanawake wakaitikia, rafiki yangu akaipiga ndoo kwa kuwa ngoma ilibaki nyumbani. Jioni wimbo ulikuwa umefika sokoni kabla yetu. Miezi michache baadaye alikuwa diwani.

Umeya haukupigiwa kura na sisi. Madiwani ndio waliochaguana, na namna yao ya kuchaguana kila mtu aliijua: unawachukua wenzako, unawapeleka hoteli Mombasa wiki nzima, unawanyang'anya simu wasije wakanunuliwa na mwingine, kisha unawarudisha siku ya kura wakiwa wamenawiri kama ng'ombe wa maonyesho. Alifanya hivyo, akashinda. Siku alipovishwa joho jekundu na mkufu, tuliimba uani kwa manispaa tangu asubuhi. Joho lilikuwa refu kwake, likaburuta vumbi, nami nikaona fahari kana kwamba nimelishona mimi. Baada ya hapo alitupa jina: akina mama wangu. Tulipewa leso za rangi moja, tukapakiwa kwenye lori lake lilelile la mchanga, na kila mkutano ulianza na sisi.

Taa za barabarani alileta. Mfereji wa maji sokoni alileta, ukafanya kazi mwaka mzima. Hayo nayo yaandikwe.

Sasa nije kwenye kiwanja, maana ndicho kisa chenyewe. Katika kipindi chake cha pili alisimama juu ya lori siku ya soko, watu wamejaa mpaka kwenye paa za vibanda, akanyoosha kidole kwenye kiwanja kilichokuwa wazi nyuma ya soko la nafaka. "Hii plot," akasema, "si ya diwani, si ya mkubwa yeyote. Hii ni ya akina mama wangu. Wajenge, wakae, hakuna mtu atawatoa." Sikungoja amalize. Nikaipokea ahadi ile wimboni, na mipaka yake yote: kutoka mwembeni kwa wauza mbao mpaka mtaro wa maji machafu, ni chetu, Meya amesema, na nyinyi mmesikia. Soko zima likaitikia.

Kulikuwa na karani wa manispaa, mwanamume mwembamba mwenye miwani, mtu wa kanisa. Alinivuta kando. "Mama, mwambie aandike. Njoo ofisini kesho mjaze fomu, mpate barua. Maneno ya lori si kitu."

Nilimcheka. Hapana, nilifanya ubaya zaidi ya kucheka: nilimtungia ubeti papo hapo, karani anayekula karatasi kama mbuzi, na watu wakamwonyesha vidole mpaka akaondoka. Wanawake wenzangu waliponiuliza jioni kama twende tukajaze hizo fomu, nilisema kilichoimbwa mbele ya watu hakuna wa kukifuta. Sikuwa nadanganya. Mimi nililelewa hivyo. Kwetu mpaka wa shamba uliimbwa, mwanamume aliyemtoroka mkewe aliimbwa, aliyeiba mzinga wa nyuki aliimbwa, na wimbo ukishaingia vinywani mwa watu ulikuwa shahidi kuliko shahidi. Nilidhani mji nao ni hivyo. Nilikuwa mjinga mwenye sauti nzuri, na mjinga wa aina hiyo hufuatwa.

Tukajenga. Matofali tulifyatua wenyewe, maji tukabeba wenyewe. Tukaweka chumba cha mashine ya kusaga na vyumba viwili nyuma. Katika kimoja alikaa rafiki yangu mpiga ngoma, aliyefukuzwa na shemeji zake mumewe alipofariki. Alipanda sukuma wiki dirishani na mlango akaupaka rangi ya buluu. Aliniambia kwamba hajawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ondoka. Nilijibu kwamba na hatatokea.

Akatokea. Katiba mpya ilifuta mameya, nchi ikapata magavana, na mtu wetu akajaribu viti vikubwa mara mbili akaanguka mara mbili. Hakuwa tena na haja na sauti ya mtu. Asubuhi moja akaja mpima ardhi na vijana wa kuchimba mashimo ya nguzo. Mashine ilitolewa nje ikaachwa vumbini. Mlango wa buluu uling'olewa pamoja na fremu yake. Hati ya kiwanja ilikuwepo, halali, yenye mhuri, na ilikuwa kwa jina la binti yake. Iliandikwa wakati binti huyo bado amevaa sare za sekondari, yaani baba yake alipokuwa juu ya lori akitunyooshea kidole, kiwanja kilikuwa kimeshakuwa chake.

Nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta nje ya geti amekaa kwenye kiti, akichokoa meno, na hakuniambia nikae.

"Mheshimiwa, hio plot ulitupea wewe mwenyewe. Tuliimba."

"Mliimba, mkakula," akasema. "Sasa mnataka nini ingine? Mama, wimbo si title."

Kisha akacheka. Si kicheko cha mtu mbaya kwenye hadithi, ni kicheko cha kawaida, cha mtu aliyeambiwa kitu cha kuchekesha. Kicheko kile nimekaa nacho miaka yote hii. Wakili niliyemwendea mjini aliniuliza nina karatasi gani, na nilipomwambia nina wimbo alivua miwani akaipangusa polepole. Nikamkumbuka karani.

Wenzangu hawakunilaumu. Laiti wangenilaumu! Walikuja kunipa pole mimi, eti nimeumia. Rafiki yangu alihamia Mlolongo, karibu na mizani ya malori, chumba kimoja na binti yake anayeshona nguo kwenye viwanda vya Athi River. Usiku malori, mchana vumbi la machimbo. Kila akija kunitembelea alikohoa kwanza ndipo akasalimu. Na mimi kila nikisikia kikohozi hicho nilijua ni mimi niliyekileta, mimi na yule mchokoa meno, na kwa kuwa sikuweza kujilipiza mwenyewe nilielekeza yote kwake.

Kwetu kuna nyimbo zinaitwa myali. Ni za kumvua mtu nguo hadharani. Huimbwi myali kwa kosa dogo, na ukishaimbwa, watoto wako wataziimba wakichunga mbuzi. Nilianza kumtungia yake. Niliitunga nikitwanga mahindi ya muthokoi, mchi ukinipa mapigo. Ubeti wa mchanga alioukwangua mtoni mpaka visima vya watu vikakauka. Ubeti wa madiwani waliofungiwa hotelini. Ubeti wa hati kwa jina la mtoto wa shule. Kila mvua ziliponyesha niliongeza kitu, nikapunguza kitu, mpaka hapakuwa na neno la kuongeza. Nilingoja tu mahali pa kuimbia. Niliomba Mungu amweke hai. Wengine huwaombea adui zao mauti, mimi nilimwombea wangu afya njema na masikio mazuri.

Mwaka jana kaunti ikatangaza kwamba barabara ya sokoni itapewa jina lake. Tuliitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, tukapewa soda na mkate, na kwa kuwa waliopinga hawakupewa kipaza sauti, ikapita. Wiki iliyofuata binti yake alikuja kwangu. Sasa ni wakili, mwanamke wa makamo, mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Mwaitu, niko na ombi," akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na aliitamka vizuri. "Siku ya barabara, nataka muimbe ule wimbo wa jembe. Mzee anaupenda. Ni ile kitu moja inamfurahisha siku hizi, amechoka kidogo."

Akafungua mkoba.

"Na hii plot najua ni yenu. Nilijua kitambo, sikuwa na nguvu ya kumpinga. Iko kwa jina yangu, so siombi ruhusa ya mtu. Nimesaini fomu za kuwapatia. Mkimaliza kuimba nitasimama niwapee mbele ya watu wote, ndio kesho mtu wetu wa familia asikatae."

Akanionyesha. Nilisoma kila mstari, nikaona jina la kikundi chetu, saini yake na mhuri. Alifunga bahasha akairudisha. Mimi nilimwambia ni sawa, tutaimba.

Nilipowaita wenzangu, tulikuwa tumebaki tisa. Mmoja alilia. Mwingine akaanza kupanga mashine itakaa upande gani. Rafiki yangu alikuja na ngoma kutoka Mlolongo, na tulipomaliza mazoezi aling'ang'ania kunisindikiza mpaka kisimani.

"Usiimbe ile ingine," akaniambia.

"Gani?"

"Mimi nakusikianga ukitwanga. Unafikiri mimi ni kiziwi?" Akakohoa. "Nimechoka na Mlolongo. Tafadhali. Tuimbe jembe, tuchukue karatasi, twende. Ukitaka kumtukana, mtukane kesho yake."

"Nimesikia," nikasema.

Kusikia si kukubali, na sote wawili tulilijua hilo. Hakuniuliza tena. Nadhani alinionea haya.

Siku ilifika. Hema nyeupe, viti vya plastiki, kibao cha barabara kimefunikwa kitambaa, mwakilishi wa gavana, mapadri na wachungaji, na soko lote limefungwa. Yeye aliketi mbele kabisa katika suti ya kijivu, amekonda, miwani nyeusi, fimbo kati ya magoti. Walikuwa wamemvisha mkufu wa umeya. Sijui waliutoa wapi, vyeo vilishafutwa zamani, lakini ulikuwa shingoni mwake ukimetameta.

Nilianza kama tulivyoahidi. Nilipuliza filimbi, ngoma ikaingia, nikaimba habari za aliyeshika mpini. Wimbo ulikuwa bado mzuri, hilo ndilo lililonikera. Watu wazima walianza kucheza, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakapiga makofi, na mimi mwenyewe miguu ilikwenda. Kwenye safu ya mbele nilimwona anatabasamu. Meno yale! Akaitikisa fimbo kwa furaha, mkufu ukimpiga kifuani, na nikaona kwamba hiki ndicho kitakachobaki. Mimi nitakufa, wenzangu watakufa, na kibao kitasema alikuwa mtu mwema, na shahidi wake wa mwisho ni sauti yangu tena. Bahasha nilikuwa nimeiona mapajani mwa binti yake. Sitasema nilisahau. Niliiona vizuri.

Nikageuza.

Kanuni ya uimbaji wetu ni kwamba anayeitikia hachagui. Mwimbishaji akitoa mstari, kundi linaurudisha kama ulivyo, ndipo mawazo yanafuata. Nilitoa mstari wa mchanga, wakaurudisha. Nilitoa wa hotelini, wakaurudisha, sauti nane za kikongwe zikiwa wazi kabisa kwenye vipaza sauti. Nilipofika kwenye hati na mtoto wa shule waligundua, mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, lakini wakati huo soko lilikuwa limeshaudaka. Kiwanja kiliimbwa chetu, kumbe kilishaandikwa chake. Watu walipiga vigelegele. Simu ziliinuliwa. Mwakilishi wa gavana alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikamwimba akichokoa meno, nikamwimba akicheka, nikauimba mlango wa buluu, nikataja kila kitu isipokuwa jina, maana lilikuwa chini ya kitambaa pale na kila mtu alijua.

Nilifurahi. Sioni haya kulisema. Sijawahi kufurahi hivyo, si siku ya harusi yangu, si siku nilipojifungua. Ngoma ilikuwa imenyamaza tangu ubeti wa pili, nami sikuhitaji ngoma.

Desturi ni kwamba mwimbishaji akimaliza huenda kumshika mkono aliyeimbiwa. Nilikwenda. Nilitaka kumwona usoni kwa karibu. Nilitaka ile miwani ivuliwe nione kilichomo, nichukue changu niondoke. Binti yake alikuwa amesimama kando ya kiti, bahasha mkononi.

Mzee alivua miwani mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole," akasema. "Pole sana, mwaitu."

Miaka yote ile hilo ndilo neno nililokuwa nikilidai, na sasa limekuja nilijikuta sina pa kuliweka. Yeye akaendelea kunitazama, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyefiwa, akasogea mbele na kunong'ona.

"Na huyo mtu mmeimba, mlimfanya nini?"

Sikuelewa. Nilimtazama binti yake.

"Huu ni mwaka wa tatu hakumbuki watu," binti akasema chini chini, bila kuniangalia. "Hata mimi ananiitanga nesi. Ni ule wimbo wa jembe tu alikuwa amebakisha."

Nyuma yangu, kati ya wale wanane, nilimsikia mmoja akikohoa.

Mzee aliuachia mkono wangu. Akainua fimbo akaigonga chini mara mbili, kama alivyokuwa akifanya barazani akiwa Meya, na sauti yake ya zamani ikamrudia, ile iliyofika mpaka kwenye paa za vibanda.

"Huyo mtu aitwe," akamwagiza binti yake. "Aambiwe arudishie hawa akina mama plot yao. Leo."

"Sawa, mzee," binti akajibu, akaitia bahasha mkobani na kufunga zipu.